Nati Alizofungua Kaka

Jumamosi, 2 Machi

Masika yameingia leo bila hodi. Boneti ilikuwa wazi, Kaka ameinama ndani hadi kiunoni, mara maji yakamwagika kama mtu aliyepindua pipa. Tukafunga turubai mbio mbio, kamba moja kwenye nondo za dirisha langu, nyingine kwenye nguzo ya kuanikia nguo, kazi ikaendelea. Wifi alichungulia mlangoni, akatutazama wote wanne tulivyolowa, akasema, "Nyie mna kichaa," akarudi zake ndani.

Nimeanza kuandika kwa sababu mvua zikinyesha wateja wangu hupotea. Mimi ni fundi cherehani, na hakuna anayeshonesha nguo mpya ya kukanyagia matope. Tangu nifiwe na mume wangu naishi chumba cha uani kwa kaka yangu, na kila Jumamosi dirisha langu lilikuwa likitazamana na makalio ya wanaume yaliyochomoza kwenye gari. Siku moja nikachoka kutazama, nikatoka nikaomba spana. Kaka alinisogezea kopo la grisi.

Gari lenyewe ni kuukuu na tunaliita Shangazi. Kaka anasema ni kwa sababu linapiga kelele, linakula sana na halifi. Shangazi wa nyumba hii ni mimi, kwa hiyo mshale naujua umeelekezwa wapi.

Hatuna gereji wala hakuna aliyetutuma. Kaka alistaafu kiwanda cha kupiga chapa. Kinyozi ni jirani wa ukuta mmoja, na Jumamosi asubuhi humwachia mdogo wake kibanda ili aje kujipaka oili. Wa tatu ni mwalimu mstaafu tunayemwita Taratibu, ambaye huigeuza skrubu moja pande zote kama anaitafutia jipu. Sheria yetu ni moja, aliiweka Kaka: aliyefungua ndiye afungaye. Nati niliyoilegeza mimi, mwenzangu haigusi, hata nikienda msalani. Kuigusa nati ya mwenzio ni kama kutia chumvi kwenye chungu chake bila kuulizwa. Taratibu aliwahi kumkazia Kinyozi skrubu moja tu, wakanuniana mpaka Kaka akawapatanisha.

Leo Kaka amebadilisha pampu ya maji. Alipowasha gari alituashiria tunyamaze, akainamisha kichwa, akasema kuna beringi inalalamika upande wa kushoto. Kinyozi akasema hiyo ni njaa ya Taratibu. Tulipofungua ilikuwa beringi kweli.

Jumapili, 3 Machi

Mvua. Jikoni panavuja.

Jumatano, 6 Machi

Kaka ametengeneza bomba la jikoni. Akamwita Wifi aje afungue yeye mwenyewe, kama mgeni rasmi. Alipofungua, maji yakamrukia usoni mpaka kilemba kikadondoka. Mpira wa ndani Kaka alikuwa ameuacha juu ya dirisha. Tumecheka hadi tukashika mbavu, Kaka akicheka kutuzidi. Wifi hakucheka. Mwanamke huyu ana uso wa mtu wa forodha, tangu aolewe sijawahi kumpitishia mzaha bila kukaguliwa.

Jumamosi, 9 Machi

Kaka ameuliza nani amefungua kifuniko cha redieta. Ni yeye. Baadaye akauliza tena, na baada ya chai akauliza tena. Kinyozi akamwambia, "Mzee, nikujibu kwa wimbo labda utaingia?" Kaka akamrushia kitambaa cha grisi. Na sisi tutazeeka, Mungu akijalia.

Jumanne, 12 Machi

Nimeshona sare mbili za shule. Mvua kutwa.

Alhamisi, 14 Machi

Leo Wifi amenijia chumbani, amesimama mlangoni bila kukaa. Anataka gari liuzwe, na anataka mimi ndiye nimwambie Kaka kwa sababu ananisikiliza. Nikamuuliza, "Limekukosea nini?" Akasema, "Wifi, naomba tu." Nikamwambia simwondolei kaka yangu kitu pekee kinachomtoa kitandani akipiga mluzi. Akaondoka.

Nina hasira naye. Miaka yote hii amekuwa akitazama Jumamosi zetu kama uchafu wa kuoshwa, na sasa amepata ujasiri wa kulisema.

Jumamosi, 16 Machi

Breki. Tumegawana magurudumu, kila mtu lake, Kaka la mbele kushoto. Mimi nikikaza nati hupanda juu ya spana kwa mguu, maana mikono yangu imezoea sindano. Kaka hapendi. "Mdogo wangu, ukikanyaga unaivuta roho ya nati. Kaza kwa mkono, ikilia mara moja, iache." Nikamwambia anipe mkono wake basi.

Mvua ikaja kubwa, tukashusha jeki haraka haraka, Wifi akatuita kula. Keshokutwa binti yao atalichukua gari kwenda kazini. Ni muuguzi wa zahanati ya ng'ambo ya mto, na barabara ya huko msimu huu ni utelezi mtupu.

Jumatatu, 18 Machi

Nitaandika yote, kama yalivyotokea.

Binti alitoka asubuhi mvua ikiwa manyunyu. Mimi nilikuwa nakata kitambaa. Simu ikalia, sauti ya mwanamume nisiyemjua, akasema, "Mama, msishtuke, mzima, lakini njooni." Nikamwita Kinyozi, tukakimbia kwa miguu hadi mteremko wa darajani, viatu nikaviacha kwenye tope njiani.

Shangazi lilikuwa limelala ubavu mtaroni kama ng'ombe aliyevunjika mguu. Gurudumu la mbele kushoto halikuwepo. Watu walikuwa wamelikuta kule chini, karibu na maji. Binti alikuwa amekaa ukingoni, ameukumbatia mkono wake wa kulia, uso umempauka. Aliponiona akasema, "Shangazi, lilianza kutikisika, nikakanyaga breki, nikaliona gurudumu linanipita." Kisha akaanza kulia, na mimi nikalia. Mita chache mbele mtaro unakwisha na daraja linaanza, na kingo za daraja lile hata mbuzi hazimzuii.

Mkono umevunjika juu ya kiganja. Wamemfunga plasta.

Kinyozi alibaki kwenye gari. Alirudi jioni, akaniita nyuma ya nyumba, akanionyesha nati aliyoiokota barabarani. Uzi wake ulikuwa mzima. Haikuvunjika, haikukatika. "Hizi zilizungushwa kwa vidole," akasema, "gari likiwa juu ya jeki. Halafu basi." Hatukutazamana. Sote tunajua kwamba nati hushikizwa kwa vidole kwanza, gari likishuka chini ndipo zikazwe. Na sote tunajua lile gurudumu lilikuwa la nani, na kwa nini hakuna aliyeligusa baada yake.

Kaka anasema ni wezi. Amesema wezi walikuja usiku wakalegeza nati ili wachukue gurudumu, wakakimbizwa na mbwa. Amelieleza hilo kwa kila aliyekuja kutoa pole, na kila mara mbwa anaongezeka. Anaamini. Hilo ndilo lililonitisha kuliko gari mtaroni.

Jumanne, 19 Machi

Leo nimemfuata Wifi jikoni. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua.

"Unajua kitu," nikamwambia.

"Najua tangu kabla ya mvua."

Alimpeleka Kaka hospitali, akatuambia wamekwenda kusalimia jamaa. Daktari amesema ni ugonjwa wa kusahau, na hauna kurudi nyuma. Kaka aliambiwa yeye mwenyewe, ana kwa ana. Alilia njia nzima, Wifi akimshika mkono ndani ya basi mbele za watu. Wakafika nyumbani, akalala kidogo. Alipoamka alimuuliza, "Mbona macho yako mekundu, nani amefariki?"

"Nikamwambia tena," Wifi akasema. "Akalia tena, upya, kama hajawahi kusikia. Kesho yake akauliza kwa nini tuna dawa mpya. Wifi, nimwambie mara ngapi? Kila nikimwambia namzika." Punje za mchele zilikuwa zinamponyoka vidoleni. "Nikaona niuze gari kimya kimya. Nikakuomba wewe. Ukaniona adui."

Nilikaa chini kwenye sakafu nikamsaidia kuchambua mchele.

Jumamosi, 23 Machi

Gari limerudishiwa gurudumu, likavutwa hadi uani. Kaka alitoka asubuhi na spana yake akasimama chini ya turubai. Wifi amelificha sanduku la vifaa. Kinyozi hakuja, Taratibu hakuja. Alisimama pale peke yake mpaka mvua ikamlowesha mgongo, kisha akaja dirishani kwangu akaniuliza, "Mdogo wangu, leo si Jumamosi?"

Nikamjibu ni Ijumaa. Sikuwahi kumdanganya kaka yangu hapo kabla, na alivyoniamini haraka nimeumia.

Jumapili, 24 Machi

Tumekaa kibandani kwa Kinyozi, mimi, yeye na Taratibu. Nikawaeleza yote. Taratibu alivua miwani akaifuta muda mrefu kweli kweli.

Nikasema: mwacheni aje, afungue anachotaka, afunge anavyoweza, mimi nitapita nyuma yake nikaze kila nati.

Kinyozi akang'aka. "Dada, unataka tuvunje sheria yake uani kwake? Bora mtu anitukane." Nikamwambia nusura sheria yake imfanye amuue mwanawe. Baadaye akauliza, kwa sauti ndogo, "Na macho yake? Utakazaje yeye anakutazama?"

Taratibu, asiyesema jambo kabla ya kulifikiria kutwa nzima, akajibu papo hapo. "Wewe si kinyozi? Mnyoe."

Jumatano, 27 Machi

Wifi amekataa. Anasema mwanawe hatapanda tena kitu kilichoguswa na Kaka. Binti mwenyewe, na plasta yake, akasema, "Mama, nitaendesha gari alilokaza Shangazi." Wifi akanitazama kwa ule uso wa forodha. Kisha akaenda chumbani, akarudi na sanduku la vifaa.

Jumamosi, 30 Machi

Imewezekana. Kaka alifungua gurudumu la nyuma, akabadilisha pedi za breki, akafunga. Mikono yake bado mizuri, inajua njia, ila hufika katikati ikasimama. Kinyozi akakung'uta shuka lake la kunyolea, akasema, "Mzee, nywele hizo zinanitia aibu, watu wanajua sisi ni majirani. Kaa hapa." Akamkalisha kwenye kigoda, mgongo kwa gari, akamfunika uso kwa taulo la moto. Mimi nikaingia na spana. Nati tatu zilikuwa sawa. Mbili zilikuwa zinazunguka kwa kidole.

Taratibu alikuwa akisoma gazeti kwa sauti ili spana isisikike. Alisoma mpaka matangazo ya vifo.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua. Kaka kanyolewa. Nimekaza nne.

Jumamosi, 13 Aprili

Nywele zimekwisha. Kinyozi sasa ananyoa ndevu, na ndevu nazo zinaomba likizo. "Wewe jamaa," Kaka akamwambia, "umekosa wateja mpaka unakuja kunifuata nyumbani?" Tukacheka. Nilikuwa chini ya gari na nilicheka na spana mdomoni, kisha nikahisi machozi yanaingia masikioni, maana nilikuwa nimelala chali.

Jumanne, 16 Aprili

Kaka ameweka bawaba za mlango wa stoo juu chini. Wifi amepita akasema mlango sasa unafunguka vizuri zaidi. Nilimsikia. Zamani ningesema mwanamke huyu hajui hata kusifu.

Jumamosi, 27 Aprili

Plasta imetolewa. Binti ataanza kuendesha Jumatatu. Leo nimekaza kila kitu, hata vile alivyofunga Taratibu. Kinyozi alinyoa kichwa ambacho tayari ni kipara. Wifi amekuwa akileta chai nje siku hizi, na anaiweka kwenye kigoda upande ule ambao Kaka akigeuka aione yeye, asinione mimi.

Jumatatu, 29 Aprili

Ameenda salama, amerudi salama.

Jumamosi, 4 Mei

Amekaza gurudumu zima sawasawa, nati zote. Nimefurahi kama mjinga. Kisha akaniuliza mama yetu anakuja lini.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua zimeanza kuchoka. Leo kulikuwa na jua, na turubai lilikuwa linatoa mvuke.

Kaka alitaka kutazama upya breki ya mbele kulia, aliyoifunga wiki iliyopita. Mimi niliikaza baada yake, ingawa ilikuwa sawa, kwa sababu mkono wangu umeshakuwa na woga. Akapachika spana, akavuta. Nati haikutoka. Akavuta tena. Nilikuwa naosha chujio la hewa kwenye beseni, nikaona mgongo wake umetulia.

Akaitoa spana. Akaishika nati kwa vidole, akaigusa pembe zake moja moja. Akapachika spana kwenye ya pili, akavuta kidogo tu, kama mtu anayebisha mlango. Kisha akasema bila kugeuka, "Hii imekanyagwa."

Taratibu akalishusha gazeti lake.

"Mimi sikanyagi spana."

Kinyozi akaanza kukung'uta shuka lake. "Mzee, njoo kwanza tunyoe..." Kaka akapitisha kiganja kichwani kwake, polepole, kutoka paji la uso hadi kisogoni, hapana unywele hata mmoja. Akamtazama Kinyozi. Akamtazama Taratibu na gazeti lake. Nilimwona akiunganisha, kipande kwa kipande, kama alivyokuwa akiunganisha injini, na nilimwomba Mungu kipande kimoja kimpotee.

"Mdogo wangu," akasema.

"Abee, Kaka."

"Ni wewe unayepita nyuma yangu?"

Ningeweza kumdanganya. Nimemdanganya msimu mzima, siku, saa, Jumamosi zake. Lakini alikuwa ananitazama kwa yale macho yake ya zamani, yaliyokuwa yakijua nani kala sukari. Nikasema, "Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu gurudumu lilipotoka."

"Hakukuwa na wezi."

"Hapakuwa, Kaka."

Alikaa chini, papo hapo kwenye tope, akiwa na suruali safi. Wifi alikuwa amesimama na sinia la chai. Aliliweka, akaja, akakaa naye chini. Yule mwanamke asiyevumilia hata nyayo sebuleni alikaa kwenye tope la oili na gauni lake la kutokea.

"Nusura nimuue mwanangu," Kaka akasema.

"Yuko ndani anapika," Wifi akasema. "Mzima."

Alilia. Wanaume wale wawili walitazama ukuta. Mimi nilishika beseni la petroli kama kuna mtu atalichukua. Alipomaliza alijifuta kwa mkono akajipaka grisi shavuni, na akaanza kuongea kwa utulivu kama anayetoa maelekezo ya kazi.

"Hili nalo nitalisahau. Mke wangu, najua umeshaniambia mengine nikayasahau, naona machoni mwako. Likinitoka, msinirudishie. Msinifukuze uani, wala msiniambie. Nyoeni tu."

Kinyozi akasema, "Nywele zitaota, Mzee."

Jumapili, 12 Mei

Ameamka akapiga mluzi. Tumetazamana mimi na Wifi. Labda limeshamtoka. Namwombea limtoke.

Jumanne, 14 Mei

Amezitafuta ndala zake nyumba nzima akiwa amezivaa.

Alhamisi, 16 Mei

Amemwita binti yake kwa jina la mama yetu, mara mbili. Amesahau kama amekula. Amesahau njia ya kibandani kwa Kinyozi, ambako ni kuzunguka ukuta tu. Wifi ameniambia, "Basi na lile limekwenda." Tumeshikana mikono juu ya karai la vyombo. Ni vibaya kushukuru kwa jambo kama hilo, na tumeshukuru.

Jumamosi, 18 Mei

Kaka ametoka mapema, ameshika spana. Akauliza tunafanya nini leo. Taratibu akamwambia gurudumu la nyuma kulia linapiga kelele. Akalifungua, akalitazama ndani, akapuliza vumbi, akalirudisha, akashikiza nati kwa vidole. Jeki ikashuka. Sote tulikuwa tunaongea kuhusu jua, kwa sauti kubwa mno.

Kinyozi akachukua shuka. Kabla hajafungua mdomo, Kaka aliiweka spana juu ya boneti, akakitoa kigoda mwenyewe chini ya turubai, akakigeuza kiwe mgongo kwa gari. Akakaa. Akajifunika taulo usoni kwa mikono yake mwenyewe, kabla halijatiwa maji ya moto.

Wifi akasimama na birika mkononi. Nilimtazama, akanitazama, na sote wawili tukajua kwamba kati ya yote aliyosahau wiki hii, mama yetu, ndala, chakula na njia, hili limebaki.

"Haya," Kaka akasema ndani ya taulo. "Nimefumba macho. Kazeni."

Sikuweza kuiona spana kwa machozi. Wifi akaweka birika chini, akaichukua juu ya boneti, akapiga magoti penye gurudumu, yeye ambaye hajawahi kushika hata bisibisi, akaninong'oneza, "Upande gani, wifi?" Nikaushika mkono wake nikamwonyesha, tukavuta pamoja, na Kinyozi akaanza kunyoa.